Maini Juu ya Seva

Ofisini walimwita Sabuni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama jina hilo analipenda. Alilipata wiki yake ya kwanza kazini, siku aliponyanyua kikombe cha ofisi, akakichungulia ndani, akakirudisha mezani na kwenda dukani kununua chake. Tangu hapo kila aliyepita karibu naye alijifanya anajipangusa mikono. Hakujali. Alikuwa mtu wa kinyaa na hakuona haya kulisema hilo. Mama yake mzazi alikuwa akiwaambia wageni kwamba mtoto huyu alikataa ziwa mpaka lifutwe. Aliosha matunda mara mbili, hakukalia kiti chenye joto la mtu mwingine, na noti chakavu alizipokea kwa ncha za vidole kama anayeokota mende. Halafu, kwa utani wa majaliwa, akaolewa na fundi bomba, mwanamume anayeshinda mchana kutwa na mikono ndani ya mitaro ya watu, ambaye kila jioni alivua nguo uani na kuoga kabla hajasalimiwa.

"Mke wangu ananipenda sana," fundi bomba aliwaambia marafiki zake, "ila kwa masharti ya chumba cha upasuaji."

Kazi ya Sabuni ilikuwa kuchora. Kampuni yao ilikuwa ndogo, watu watano ukimhesabu na bosi, na walitengeneza viti vya magurudumu vya watoto ambao mgongo au nyonga zao hazikukaa sawa. Viti hivyo havichaguliwi dukani. Kila kimoja kinachorwa kwenye kompyuta kwa mwili wa mtoto mmoja: upana wa nyonga, urefu wa paja la kushoto na la kulia maana mara nyingi hayalingani, mahali mbavu zinapoegemea, pembe ya goti. Kabla ya kuchora, mtoto anabakizwa na fulana na kaptura, analazwa kwenye meza, ananyooshwa kadiri anavyonyooka, na watu wazima watatu wanamshika huku wa nne anaita namba. Si jambo zuri kulitazama. Sabuni alilivumilia kwa sababu alishaona kinachotokea vipimo vikikosewa. Mwaka wake wa kwanza aliletewa mtoto aliyekuwa amekaa miezi kadhaa kwenye kiti cha msaada kilichomzidi upana. Mtoto alikuwa akiteleza upande mmoja, mfupa unasugua chuma, na chini ya shati palikuwa na kidonda ambacho ungeweza kuona ndani yake mpaka mahali usipotaka kuona. Alitoka nje akatapika. Kisha akarudi, akanawa, akashika futi.

Michoro yote hiyo iliishi kwenye seva. Ni sanduku la chuma, ukubwa wa begi la safari, lisilo na kioo wala kibodi, ambalo kazi yake ni kutunza kazi za wote. Ukitaka kuchora unaomba mchoro kutoka humo, seva inaufunga ili mwenzako asiuguse, ukimaliza unaurudisha, na nakala iliyobaki kwenye kompyuta yako inajifuta ili kesho usije ukakata chuma kwa vipimo vya jana. Mpango mzuri kabisa. Bosi aliupenda kiasi cha kupiga marufuku karatasi. Vipimo viliingizwa moja kwa moja kwenye mchoro, palepale mezani pa mtoto, na bosi aliwaambia wageni kwamba ofisi yake haina hata daftari moja, amejaa fahari utadhani amegundua umeme.

Sabuni hakuajiriwa kutunza seva. Aliachiwa tu kwa sababu meza yake ilikuwa karibu na mlango wa chumba cha seva. Na chumba chenyewe, jamani! Kilikuwa bafu. Jengo lile zamani lilikuwa nyumba ya kupanga, na walipolikodi wakaona bafu la nyuma ndicho chumba pekee kisicho na dirisha la kuvunjwa na wezi. Wakaziba bomba, wakaingiza meza, wakaweka seva juu yake, wakafunga kiyoyozi. Vigae vya ukutani vilibaki, na weusi wa miaka katikati yake. Tundu la maji lilibaki sakafuni, na siku za joto lilipumua. Sabuni alilifunika kwa kipande cha kigae na gundi, akasugua kuta kwa mswaki mpaka zikawa nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe, siku ya mapumziko, huku mumewe amesimama mlangoni anacheka.

"Leo umekuja kazini kwangu," alimwambia.

Tatizo likawa kiyoyozi. Ofisi nzima ilikuwa nacho kimoja tu, na kilikuwa humo, na baridi katikati ya jengo la joto haiachwi ikae bure. Alianza mhasibu, akaweka maziwa yake. Mrefu, mchoraji mwenzake Sabuni, ambaye kimo chake ndicho kilichokuwa jina lake, akafuata na soda. Halafu, kwa kuwa bucha lenye nyama nzuri lilikuwa ng'ambo ya barabara na lilifunga mapema, wakaanza kununua nyama mchana na kuihifadhi mle mpaka saa ya kwenda nyumbani. Samaki pia. Sabuni alikuwa akifungua mlango kuangalia taa za seva anakuta mfuko wa plastiki umeketi juu yake, umetoka jasho, na ndani yake kitu kimekunjamana. Alipiga kelele. Akabandika tangazo. Tangazo halikumaliza wiki. Lilitumika kufungia samaki.

"Bosi, hii ni mashine, siyo jokofu," alimwambia.

"Sabuni, Sabuni. Baridi si ipo? Iliwe na kuta tu?"

"Nyama inatoa maji."

"Ipo kwenye mfuko."

"Mfuko unatoboka."

"Wewe mama na kinyaa chako," bosi alisema, akimpigapiga begani kwa mkono uliokuwa umetoka kushika nyama hiyohiyo.

Sabuni alimletea wazo jingine, la kistaarabu. Mjini palikuwa na kampuni inayotunza seva za watu: chumba kisafi, baridi ya kudumu, jenereta, walinzi, na mtu wa kumpigia simu. Wangekodi nafasi huko, michoro ikae huko, wao waifikie kwa mtandao, na kila siku nakala ya pili ijiendee yenyewe kwenye jengo jingine kabisa. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Vitu vyangu vikalale kwa watu? Hapa nikifungua mlango naviona."

Na zaidi ya hapo, akasema, seva yao ilikuwa na diski mbili pacha; kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Moja ikifa, ya pili ipo. Sabuni alimjibu kwamba pacha hao wamelala kitanda kimoja, chumba kikiungua wanaungua wote. Bosi akamwambia aache uchuro.

Walichokubaliana mwishowe ni diski ya akiba. Kila Ijumaa mchana mtu wa zamu aichomeke kwenye seva, anakili kila kitu, halafu aende nayo nyumbani, ili hata jengo likiteketea michoro iwe salama chini ya kitanda cha mtu. Walimpa mtu akawashonea kimfuko chenye sponji. Zamu ilizunguka kwa wale wanne wengine, na jioni Sabuni, ambaye hakuwa na zamu, alimtumia mwenye zamu ujumbe: "Diski imefika?" Naye alijibiwa: "Imefika salama." Hakuna jambo ambalo ofisi ile ililifanya kwa uaminifu kama kubeba ile diski. Bosi mwenyewe aliibeba kifuani kama kichanga.

Sasa sikiliza. Ile diski kila Jumatatu ilirudi chafu kuliko ilivyoondoka. Ilirudi na mafuta ya kupikia. Ilirudi na nywele. Wiki moja ilirudi na kitu cha kahawia kimekauka pembeni, ambacho mchomeleaji, aliyekuwa na zamu, alisema pengine ni uji wa mtoto, na hiyo "pengine" ndiyo iliyomkwama Sabuni kooni. Mara ya kwanza aliipangusa. Mara ya pili aliipangusa. Mara ya tatu aliishika kwa karatasi, akaitundika kwenye msumari, akaenda kunawa mpaka viwiko. Na palikuwa na kazi moja ambayo ilikuwa yake peke yake: kila mwezi aifungue diski hiyo, achukue mchoro wowote, aone kama unafunguka. Mwanzoni aliifanya. Baadaye ule waya wa kunata na kile kimfuko kinachonuka kwapa vikamshinda, akajiambia ataifanya mwezi ujao, akinunua glavu. Glavu hazikununuliwa. Aliendelea kuuliza kama imefika.

Jumatatu ya balaa harufu ilimpokea kabla hajatia ufunguo kwenye kufuli.

Ijumaa iliyopita bosi alikuwa na wageni nyumbani kwake. Akanunua maini, mengi, akayaweka juu ya seva, akapigiwa simu, akatoka kwa mlango wa mbele huku anaongea, na kuyasahau. Jumamosi umeme ukakatika. Jumapili ukarudi, lakini kiyoyozi kile kilikuwa cha kuwashwa kwa mkono. Maini yalivimba mle ndani ya mfuko mpaka mfuko ukajaa hewa, ukapasuka kwa chini. Maji yake yalipita kwenye matundu ya kupumulia ya seva, yakatokea upande wa pili, yakafuata mistari ya vigae sakafuni yakiwa meusi na mazito, yakatuama karibu na lile tundu lililofunikwa. Nzi walishapata habari kabla ya mtu yeyote. Sanduku lilikuwa kimya na hapakuwa na taa hata moja.

Sabuni alisimama mlangoni ameziba pua kwa mtandio. Alikuwa amesugua vigae vile kwa mswaki! Mrefu alichungulia juu ya bega lake, akasema, "Duh," akarudi nyuma. Mhasibu akakumbuka ana shughuli benki. Mchomeleaji alijikaza akayatoa maini akaenda kuyazika nyuma ya karakana. Bosi alifika, akanusa, akauliza ni nani aliyezima kiyoyozi. Hakuna aliyejitolea kufungua seva.

Ikabidi apigiwe simu fundi bomba. Alikuja na buti na glavu zake za mpira, akafungua skrubu, akainamisha sanduku juu ya ndoo, likatoa kilichotoka. Akachomoa diski pacha, akazipangusa, akazifunga kwenye kitambaa safi na kumkabidhi mkewe.

"Mke wangu," alisema taratibu, "mitaro ya mji huu ina heshima kuliko hapa. Jioni wewe ndiye utakayeoga uani."

Hata hapo hakuna aliyekata tamaa. Bosi alianza hata kutabasamu. Diski ya akiba si ipo? Zamu ilikuwa ya mhasibu, naye aliporudi kutoka benki aliitoa kwenye mkoba wake, imetulia kwenye sponji yake, imesafiri salama kwenda na kurudi kama kila wiki. Sabuni aliichomeka kwenye kompyuta yake. Wote wanne walisimama nyuma ya kiti chake, wanampumulia shingoni.

Ilikuwa na harusi ya wifi yake mhasibu, sehemu ya kwanza mpaka ya nne. Ilikuwa na tamthilia za Mrefu, misimu mizima mizima. Ilikuwa na katuni za watoto wa mchomeleaji, na mechi, na hafla ya bosi kutimiza miaka hamsini ikiwa imepigwa kwa kamera tatu. Folda ya michoro ilikuwepo pia. Ndani yake mlikuwa na michoro michache ya meza za shule waliyoifanya kabla hawajaanza viti.

Ikajulikana yote palepale, kwa aibu na kwa kukohoakohoa. Diski ilishajaa muda mrefu. Kila Ijumaa mwenye zamu aliichomeka, seva ikamwambia kupitia kompyuta yake kwamba nafasi haitoshi, akabonyeza "sawa," akaichomoa, akaivika kimfuko chake na kwenda nayo nyumbani. Ikawa inapelekwa kutembea tu.

"Lakini michoro ya zamani ilikuwemo," Sabuni alisema. "Nani aliifuta?"

Mrefu alitazama dari, ambayo kwake haikuwa mbali. "Mimi. Nilitaka nafasi kidogo. Nikasema si itaandikwa upya Ijumaa?"

"Na Ijumaa ikaandikwa?"

"Si zamu ilikuwa ya mwingine?"

Sabuni aligeuza kiti akawatazama mmoja mmoja. Roho ilimchafuka. Maini yangeweza kusamehewa, maini ni nyama na nyama inaoza. Lakini hawa watu wazima, wenye familia, wanaopiga mswaki asubuhi, walikuwa wameandikiana "imefika salama" wiki baada ya wiki kwa macho makavu. Alijaza maneno mdomoni ya kuwatapikia. Kisha akakumbuka msumari ukutani na zile glavu ambazo hakununua, na maneno yakamrudia tumboni, yakamchoma zaidi yakiwa humo.

Diski pacha alizipeleka mwenyewe kwa fundi wa diski. Umeme uliporudi ulizikuta zote mbili zimelowa, na ulizipiga shoti pamoja. Fundi alihangaika nazo kwa siku kadhaa, akaokoa alichookoa: fremu, magurudumu, breki, vishikio, sehemu za kuwekea miguu. Faili lililobeba vipimo halikufunguka na halingefunguka. Kwa maneno mengine, alirudishiwa kila kitu cha kiti isipokuwa mtoto.

Bosi aliitisha kikao. Siku hiyohiyo alikuwa amekodi nafasi kwenye ile kampuni ya kutunza seva, na aliitangaza kama wazo lililomjia akiwa anaoga. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Shirika linalodhamini viti lilikuwa limeshapanga siku ya makabidhiano, chuma kilikuwa kimekatwa nusu, na watoto walikuwa kama thelathini.

"Kuwapima upya haiwezekani. Tutajaza wastani."

"Wastani wa nini?" Sabuni aliuliza.

"Wa watoto. Mnajua umri wao. Mtoto wa miaka minane ana upana fulani, wa miaka kumi ana upana fulani. Tuongeze kidogo, maana watoto wanakua. Mto ukiwa laini hakuna atakayejua."

Mhasibu aliinamia kucha zake. Mrefu alisema polepole kwamba kwa kweli, ukifikiria, hata vipimo vile vya mwanzo huenda vilikuwa vimeshapitwa na wakati. Alisema hivyo akimtazama Sabuni kwa macho ya kuomba, macho ya mtu anayetaka mwenzake naye aingie matopeni ili kusiwe na msafi wa kumcheka.

Sabuni alihisi kichefuchefu halisi, cha mate kujaa mdomoni, na safari hii hapakuwa na harufu yoyote chumbani. Aliona namba za kubuni zikiandikwa kwenye mwili wa mtu, upana wa nyonga ya mtoto ukitungwa na watu wanaokunywa chai. Akauona mfupa unasugua chuma.

"Mimi siweki mkono wangu hapo," alisema. "Na bila mimi mchoro hautoki, maana Mrefu hajui kuchora nyonga."

"Ni kweli," Mrefu alisema, karibu kwa shukrani.

"Sasa unataka nini, Sabuni?"

"Nitawapima mimi. Nyumba kwa nyumba. Wazazi wao watanisaidia kuwashika."

Bosi alipumua kwa pua. "Haya. Ila kwa wazazi tunasema mitambo ilipata hitilafu. Tumeelewana? Hitilafu ya mitambo."

Akaenda. Asubuhi mapema alibeba kompyuta na futi, akanawa mlangoni kwa kila mtu, akapiga magoti kwenye mikeka, kwenye vitanda, kwenye sakafu za saruji. Watoto walilia, wengine waling'ata. Mmoja alimkojolea mkononi na hakusonya. Alimalizia kipimo kwanza. Jioni vipimo vilikwenda kwenye seva mpya kwa mtandao, nakala ya pili ikaenda kwenye jengo la pili, na yeye hakulala mpaka amevifungua vyote kutoka huko mbali, kimoja baada ya kingine, akavisoma. Mumewe alimletea chai, akaiweka karibu naye bila utani.

Kilichomshinda kumeza ni lile neno. "Mitambo ilipata hitilafu, mama." "Mitambo ilipata hitilafu, baba." Lilikuwa neno safi, limepigwa pasi. Wazazi waliliitikia kwa kichwa, wakasema pole, wengine wakamwambia pole yeye, kana kwamba ndiye aliyepatwa. Nyumba za mwanzo lilimkwaruza. Kufikia katikati lilitoka lenyewe, laini, na hapo ndipo alipoanza kujinuka.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mshonaji nguo. Chumba kimoja, cherehani mlangoni ili ipate mwanga, mafungu ya vitambaa yamepangwa kwa rangi, sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa. Binti yake wa miaka kumi na miwili alikuwa amelala kitandani ameegemezwa mito, mgongo umepinda upande, nywele zimesukwa vizuri. Alikuwa anasoma. Alimtazama mgeni, akaitambua futi, akafunga kitabu.

"Karibu, dada," mshonaji alisema. "Si mlishapima?"

"Tulipima, mama. Mitambo ilipata hitilafu."

"Hitilafu gani?"

Hakuna mzazi mwingine aliyekuwa ameuliza. Sabuni alifungua mdomo atafute neno jingine safi kama lile, hakulipata.

"Bosi wetu aliweka maini juu ya kompyuta inayotunza vipimo. Yakaoza, yakamwagikia ndani."

"Maini."

"Ya ng'ombe. Chumba kile kina baridi, huwa tunahifadhi humo nyama."

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Na hamna mahali pengine mnapoweka vipimo?"

"Tulikuwa na nakala. Wenzangu waliifuta wakaweka filamu. Kuikagua ilikuwa kazi yangu mimi. Sikuikagua. Ilikuwa inarudi chafu, nikashikwa na kinyaa kuishika."

Sabuni alingoja afukuzwe, na ukweli ni kwamba alitamani afukuzwe. Mshonaji alisimama, akafunga mlango, akashusha pazia.

"Huyu si mdogo tena," alisema. "Ameshajijua, anaona haya. Mara ile mlikuja wanaume watatu na wewe. Mlipoondoka hakula mpaka kesho yake." Akamgeukia binti. "Mwanangu, wanataka tena."

Msichana aligeuza uso ukutani na kuacha mwili wake hapo kama mtu anayewaachia wengine mzigo watafute humo wenyewe wanachotaka.

Sabuni alinawa kwenye beseni, kwa sabuni yake, akajikausha kwa taulo lake. Alipima akiwa ameshusha sauti, anamwambia kila kitu kabla ya kukifanya: sasa nashika nyonga, sasa nanyoosha goti, nikikuumiza niambie. Hakuambiwa. Alifunika alipomaliza kupima, akafunua panapofuata tu. Mshonaji alishika pale alipoombwa kushika. Namba ziliingia moja moja kwenye kompyuta, na kati ya zile alizozikumbuka hakuna hata moja iliyokuwa sawa na ya mwanzo. Wastani wa bosi ungemkuta mfupa huu mahali pabaya kabisa.

"Safari hii mtaviweka wapi?" mshonaji aliuliza.

"Kwenye majengo mawili tofauti. Nitavifungua leoleo nivione."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Alimwaga maji ya beseni nje, akamimina mapya, akachovya kitambaa, akakikamua. Kisha akakaa kitandani na kuanza kumpangusa binti yake. Alianzia kwenye goti. Alipangusa mahali Sabuni alipokuwa ameshika, akasuuza, akapanda kwenye paja, akapangusa pale futi ilipopita. Hakuharakisha na hakuwa na hasira. Alifanya hivyo kama mtu anayesafisha meza baada ya wageni.

"Mikono yangu ni misafi, mama," Sabuni alisema. "Nimenawa. Umeniona."

"Najua, dada," mshonaji alisema, akisuuza kitambaa.

Msichana alikuwa bado ameelekea ukutani. Alinyanyua mkono kidogo, akaonyesha mbavuni.

"Na hapa, mama," alisema.